Kutoka piano hadi sitar: alichokisikia mwalimu wetu Kericho

Kijana wetu mmoja wa Mombasa, mwalimu wa muziki aliyefaulu mitihani ya piano ya Waingereza hadi daraja la nane, amepata kazi Kericho. Juzi alinipigia simu. Nilidhani atalalamika baridi, au ile mvua ya huko inayonyesha karibu kila alasiri, lakini alikuwa na swali: “Mjomba, nikitaka kuhamia sitar, itanichukua miezi mingapi?”

Alikuwa amealikwa na rafiki yake kwenye hekalu la Masingasinga pale mjini. Alikula langar, kile chakula cha bure anachopewa kila anayeingia bila kuulizwa dini yake, kisha akakaa chini kusikiliza nyimbo zao. Anasema masikio yake yaliyozoea piano yalichanganyikiwa. Alisikia sauti ambazo hakujua angezibonyeza wapi.

Nilimjibu kwa simu, lakini jibu lilikuwa refu kuliko salio lake. Kwa kuwa vijana wengine hapa pwani wameniuliza jambo kama hilo, nalimalizia hapa.

Kwanza, alichokisikia si sitar. Katika mahekalu ya Masingasinga vyombo vya kawaida ni kile kinanda cha kuvuta upepo kwa mkono, ambacho wazee wa taarabu ya Lamu na Mombasa wanakijua vizuri, pamoja na tabla. Kilichomshangaza ni raga, na raga ndiyo roho ya sitar. Kitabu chao kitukufu, Guru Granth Sahib, chenye kurasa 1,430, kimepangwa kwa raga: sehemu kubwa ya mashairi yake imewekwa chini ya raga 31, ili anayeimba ajue aimbe kwa mwendo gani. Na mpigaji aliyefuatana na Guru Nanak katika safari zake, akimpigia rababu, alikuwa Mardana, mtu aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu. Muziki huo ulifika milima ya chai pamoja na mafundi seremala, wahunzi na wafanyabiashara kutoka Punjab. Mmoja wao, Puran Singh, alifika Kericho akiwa kijana, akaishi huko miongo mingi, na alipohamia Birmingham katika miaka ya 1970 akaanzisha jumuiya kubwa ya Masingasinga ambayo hadi leo inaitazama Kericho kama chimbuko lake. Kwa hivyo raga si ngeni Kericho hata kidogo. Mgeni ni mwalimu wetu.

Sasa raga ni nini? Msomaji wa pwani ana bahati, kwani anajua maqamu. Ukisikia bayati au hijazi, iwe kwa msomaji wa Kurani au kwa mpiga udi, unaitambua kabla hata maneno hayajaanza. Si kwa sababu ya noti zake tu. Ni namna sauti inavyopanda na kushuka, mahali inapotua, na mahali inapokwepa. Raga iko hivyo hivyo, na zaidi ina saa yake: Bhairav ni ya alfajiri, Yaman ni ya jioni giza linapoingia. Raga mbili zaweza kuwa na noti zile zile kabisa na zikawa mbali kama mashariki na magharibi, kwa kuwa moja hukawia juu ya noti ambayo nyingine huipita mbio.

Haya hayaandikiki vizuri kwenye ile mistari mitano ya Kizungu, na hapo ndipo mtu wa piano anapokwama. Piano humpa sauti zilizokwisha kukatwa, na kati ya kipande cheupe na cheusi hamna kitu. Sitar ina nyuzi kama 18 hadi 21. Zinazopigwa kwa risha ni sita au saba tu, na risha yenyewe ni waya uliokunjwa na kuvishwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Nyingine zimepita chini ya vile vipande vya chuma vilivyopinda, hazipigwi, bali huitikia zenyewe sauti yao inapoguswa juu. Mkono wa kushoto haubonyezi tu: huvuta uzi pembeni, na kwa pigo moja sauti inateleza kupita noti tatu, nne, hata tano. Mteleko huo Wahindi huuita mind, na humo ndimo raga inamokaa. Kwa sababu hiyo redio ya taifa ya India ilikipiga marufuku kile kinanda cha upepo kuanzia 1940 hadi miaka ya 1970: wakubwa wake waliona chombo kisichoweza kuteleza hakifai kwa raga. Nadhani walizidisha, maana katika mahekalu kinanda hicho kimelea waimbaji wazuri mno. Lakini hoja yao inaeleweka.

Lipo na tatizo la hesabu ya mapigo. Katikati ya miaka ya 1960 mtunzi wa Marekani Philip Glass, aliyekuwa amesoma chuo cha Juilliard na kwa Nadia Boulanger kule Paris, alipewa kazi ya kumwandikia noti Ravi Shankar kwa ajili ya filamu, ili wapigaji wa Kifaransa wazisome. Kila alipogawa noti kwa vile vijistari vya kusimama, Alla Rakha, mpiga tabla, alikataa: mkazo umekaa pasipo pake. Glass alihangaika mpaka akavifuta vijistari vyote, na mtiririko mzima ukaonekana. Amesimulia mara nyingi kwamba jambo hilo lilibadilisha utunzi wake. Na huyo alikuwa mtu mwenye elimu kubwa kuliko yetu sote.

Kuna Mzungu mwingine ambaye napenda kijana wetu amsome zaidi, Collin Walcott. Alisomea ngoma za okestra katika Chuo Kikuu cha Indiana, kisha akaenda kukaa chini ya walimu: sitar kwa Ravi Shankar, tabla kwa Alla Rakha. Baadaye alipiga katika kundi la Oregon hadi alipofariki kwa ajali ya gari nchini Ujerumani Mashariki mwaka 1984. Hakujifanya ustadhi wa Kihindi. Alipiga muziki wake mwenyewe, lakini kwa mkono uliofundishwa. Mlinganishe na George Harrison wa Beatles, aliyeipiga sitar katika wimbo wa mwaka 1965 kabla ya kufundishwa. Mwaka uliofuata alianza masomo kwa Ravi Shankar, na baada ya miaka michache akakiri kwamba hatafika, akarudia gitaa lake. Mimi namheshimu kwa kukiri huko. Ravi Shankar mwenyewe, aliyekuwa tayari msanii wa jukwaani Ulaya, alipoamua kuishika sitar kwa dhati mwaka 1938 aliacha yote akaenda Maihar, mji mdogo, akakaa kwa Ustad Allauddin Khan kama miaka saba.

Kwa hivyo swali la miezi limejijibu. Lakini sikutaka kumvunja moyo, kwa sababu kuna njia ya pili, na mfano wake uko karibu na anapolala. Kutoka Kericho mjini uelekee Litein, utafika Kapkatet. Hapo mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, aliwarekodi Wakipsigis wakiimba wimbo unaoitwa Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Wasichana walimwimba kama kiumbe nusu mtu nusu mnyama, wakifuatana na chepkong, kinubi chao. Hawakujifunza gitaa, wala hawakumwiga Rodgers alivyoimba. Walimchukua wakamtia ndani ya nyuzi zao. Katika miaka ya 2014 na 2015 maktaba ya ILAM ya Afrika Kusini, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, ilirudisha nakala za rekodi hizo Kapkatet, na baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai.

Sisi tumefanya vivyo hivyo. Juma Bhalo alichukua lahani za filamu za Kihindi akazitilia mashairi ya Kimvita, na hakuna aliyemdai cheti cha raga. Hata tashkota yetu ni chombo cha Kijapani.

Njia zote mbili ni halali. Nisichokipenda ni ile ya tatu: kijana anajifunza kwa video miezi mitatu, anavaa kurta, anapanda jukwaani kwenye hoteli ya kitalii, anatangazwa bingwa wa sitar. Mwenye masikio akiwa ukumbini ni aibu, na asipokuwapo ni udanganyifu.

Kwa hivyo nimemwambia mwalimu wetu hivi. Asinunue sitar bado. Zile nyepesi za mapambo huuzwa kwa watalii na hazikai sauti, na nzuri, yenye mbao na kibuyu, itahitaji uangalizi mkubwa katika unyevu wa Kericho. Arudi hekaluni alfajiri, asikilize nyimbo za raga Asa, aombe ruhusa ya kukaa nyuma. Ajifunze kuimba sa, re, ga, ma, pa, dha, ni bila karatasi, maana mpiga sitar hufundishwa kwanza kuimba. Piano yake asiitupe. Kisha, Jumamosi moja, apande matatu hadi Kapkatet aulize nani bado anapiga chepkong, na huyo naye ana mwanafunzi?

Alinyamaza kidogo. Halafu akaniuliza nauli ya Kapkatet ni shilingi ngapi.