Mtikisiko wa Ubongo na Mchezaji Asiyetaka Kutoka

Mtikisiko wa ubongo ni jeraha linalotokea pale kichwa kinapopata kishindo, ubongo, ambao ni laini na umezungukwa na maji ndani ya fuvu, ukayumba kwa ghafla na kazi yake ikavurugika kwa muda, bila mfupa kuvunjika na mara nyingi bila tone la damu kuonekana. Kwa kuwa hakuna kidonda, jeraha hili hupuuzwa kwa urahisi katika viwanja vya mchanga vya Likoni, Kisauni na Changamwe mjini Mombasa, ambako kijana aliyegongana vichwa na mwenzake humwagiwa maji, huinuliwa na kurudi mchezoni huku akishangiliwa kwa ushujaa. Watu wengi huamini kwamba asiyezimia hakuumia, ilhali wengi wa wanaopatwa na mtikisiko huu hawazimii kabisa. Dalili zao ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona kitu kimoja kuwa viwili, au kusahau bao lililofungwa dakika tano zilizopita.

Kenya ina ushahidi wake mzito katika jambo hili. Robert Wangila, bondia aliyeipatia nchi nishani ya dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988 kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali, alipigana na David Gonzales mjini Las Vegas tarehe 22 Julai 1994, na katika raundi ya tisa refa Joe Cortez akasimamisha pambano. Wangila alilipinga vikali uamuzi huo, akiamini kwamba bado ana nguvu za kuendelea. Muda mfupi baadaye alipoteza fahamu, akafanyiwa upasuaji wa ubongo, na tarehe 24 akafariki dunia. Pingamizi hilo halikuwa ukaidi wala ujinga. Damu inapovuja polepole kati ya ubongo na fuvu, mgonjwa anaweza kusema, kutembea na kubishana kwa muda kabla ya bonge la damu kuubana ubongo, na kiungo kinachoulizwa kama mtu yuko salama ndicho hicho hicho kilichojeruhiwa. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kutoka hauwezi kuachiwa mchezaji, hata awe bingwa wa dunia.

Kanuni nyingi zinazotumika leo kuhusu suala hili zina asili katika mchezo ambao wakazi wa Pwani hawauchezi, nao ni mpira wa magongo wa barafuni. Mwaka 2001 shirikisho la kimataifa la mchezo huo, pamoja na FIFA na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, liliwakutanisha wataalamu mjini Vienna kujadili mtikisiko wa ubongo michezoni. Hata hivyo katika ligi ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, NHL, wachezaji wanaorushiana ngumi hutolewa kwa dakika tano tu kisha hurudi, na kwa miaka mingi timu ziliajiri watu ambao kazi yao hasa ilikuwa kupigana. Mmoja wao, Derek Boogaard, alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 28, na uchunguzi wa ubongo wake ukaonyesha maradhi ya kudhoofika kwa ubongo yanayohusishwa na vishindo vya mara kwa mara, ambamo protini iitwayo tau hujikusanya na kuharibu seli. Maradhi hayo huthibitishwa baada ya kifo pekee, lakini hasira, huzuni na usahaulifu huweza kuonekana miaka mingi kabla. Kenya nayo ina timu yake ya barafuni, Ice Lions ya Nairobi, na nchi ilikubaliwa katika shirikisho hilo mwaka 2024; ni heri ipokee kanuni za usalama bila kurithi ngumi.

Katika kandanda, sheria sasa zinaruhusu mashindano kuwa na nafasi ya ziada ya kumbadilisha mchezaji aliyetikiswa ubongo, ili kocha asimbakishe uwanjani kwa hofu ya kupoteza nafasi ya kawaida. Ligi za mitaani hazihitaji fedha kuiga hilo, bali makubaliano ya manahodha na refa kabla ya kipenga cha kwanza. Anayetolewa hapaswi kurudi siku hiyo, wala kuachwa peke yake usiku wa kwanza, na hurejea mazoezini hatua kwa hatua baada ya dalili kuisha, kwani kishindo cha pili juu ya ubongo ambao haujapona kinaweza kuuvimbisha ghafla na kuua, hasa kwa vijana.

Kwa wakazi wa bara ya Mombasa kuna uzito mwingine. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo ni ya rufaa, iko kisiwani, hivyo majeruhi kutoka Changamwe hupitia Makupa, wa Kisauni huvuka daraja la Nyali, na wa Likoni husubiri feri au huzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu hadi Miritini. Bonge la damu halisubiri foleni ya kivuko. Kijana anayetapika tena na tena, anayesinzia asiamshike kwa urahisi, au ambaye mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyingine, anatakiwa awe ameanza safari hiyo kabla mechi haijamalizika, hata kama yeye mwenyewe anasisitiza kwamba amepona.