Kila Neno Lina Gharama: Sayansi ya Kumwandikia Msomaji wa Simu

Mwishoni mwa karne ya 19, mwanasaikolojia wa Marekani Edmund Huey alitaka kujua jicho linafanya nini hasa mtu anaposoma. Alitengeneza kikombe kidogo cha plasta chenye tundu la kuonea, akakiweka juu ya jicho la msomaji baada ya kulitia dawa ya ganzi. Kwenye kikombe hicho aliunganisha mshale mwepesi wa alumini, na ncha yake ikawa inachora kila jicho linakokwenda. Mchoro huo ulithibitisha jambo ambalo maabara ya daktari wa macho Émile Javal, mjini Paris, ilikuwa imelidokeza tangu miaka ya 1870. Jicho halitelezi juu ya mstari kama tunavyodhani. Linaruka, linatua, linaruka tena.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kamera, bila plasta wala ganzi. Vipimo vyake vinajibu swali linalowaumiza vichwa waandishi wengi wa mtandaoni: kwa nini msomaji aliyefungua makala kwa hamu huikimbia kabla ya aya ya tatu? Ni rahisi kusema kwamba watu wa leo ni wavivu wa kusoma. Lakini ukifuatilia kazi ambayo jicho na kumbukumbu hufanya katika kila sentensi, utaona kwamba mara nyingi mvivu ni aliyeandika.

Robo sekunde kila kituo

Sehemu ya retina yenye uwezo wa kuona herufi kwa ukali ni ndogo mno. Nyoosha mkono, tazama kucha ya kidole gumba: eneo unaloliona sawasawa kwa mara moja halizidi sana upana huo. Ndiyo maana jicho halina budi kuhamahama. Keith Rayner, mmoja wa watafiti wakubwa wa usomaji katika karne iliyopita, alionyesha kwamba msomaji wa Kiingereza hutua kwa wastani wa milisekunde 200 hadi 250, yaani kama robo sekunde, kisha huruka herufi 7 hadi 9. Katika kila kituo hunasa taarifa za herufi 3 au 4 upande wa kushoto, na hadi 14 au 15 upande wa kulia. Kwa wasomaji wa Kiebrania, ambacho huandikwa kutoka kulia, upande mpana huwa wa kushoto. Umakini wa ubongo hutangulia kule maandishi yanakoelekea.

Katika kila miruko 100, kama 10 hadi 15 hurudi nyuma. Mingine ni kurekebisha shabaha tu, lakini mingine ni dalili kwamba sentensi imemponyoka msomaji. Kila kurudi huko ni muda, na muda ukizidi, kidole kinapanda juu na makala inapotea kwenye skrini.

Tarakimu hizo za Kiingereza hazifai kubebwa nzimanzima hadi kwenye Kiswahili. Chukua kitenzi “hatukuwaandikia”. Kina herufi 15, na ndani yake wamo watenda, ukanushi, wakati uliopita, watendewa na kitendo chenyewe. Tafiti za Kifini, lugha nyingine yenye maneno marefu, zimeonyesha kwamba neno refu mara nyingi huhitaji kutuliwa zaidi ya mara moja. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili anayefuata miongozo ya kigeni, ile inayosema sentensi isizidi maneno 20, ajue kwamba maneno 20 ya kwetu hubeba mzigo mkubwa zaidi. Ni afadhali ahesabu mawazo kuliko maneno.

Nebraska, mara tano

Mwaka 1997 watafiti wawili, John Morkes na Jakob Nielsen, waliandika upya tovuti moja ya majaribio kwa namna tano. Mada ilikuwa ileile katika zote: vivutio vya jimbo la Nebraska, Marekani. Toleo la kwanza lilijaa majigambo ya kitalii. La pili lilikuwa na karibu nusu ya maneno. La tatu liligawanywa kwa vichwa vidogo na orodha ili lipitiwe kwa jicho. La nne liliondolewa majigambo, ukabaki ukweli mtupu. La tano lilichanganya dawa zote tatu.

Wasomaji wakapewa kazi ya kutafuta taarifa. Watafiti wakapima muda waliotumia, makosa waliyofanya, waliyoyakumbuka na walivyoridhika. Ikilinganishwa na toleo la majigambo, kupunguza maneno peke yake kulipandisha alama kwa asilimia 58, na mpangilio mzuri kwa asilimia 47. Kuondoa majigambo kulileta asilimia 27. Toleo lililochanganya yote lilipanda kwa asilimia 124.

Hiyo asilimia 27 ndiyo inayofikirisha. Hapakuwa na taarifa mpya wala mpangilio mpya. Kilichoondoka ni sifa za kujisifu tu. Nielsen na mwenzake walidhani kwamba majigambo humtwisha msomaji kazi ya ziada ya kuchuja: akiambiwa kitu ni “cha aina yake” au “cha kihistoria”, lazima aamue kama ni kweli au ni chumvi. Anayechuja hana nafasi ya kuelewa.

Utafiti mwingine wa Nielsen, wa mwaka 2006, ulifuatilia macho ya watu 232. Wengi walisoma mistari ya juu kwa upana, wakashuka, wakasoma mstari mwingine mfupi zaidi, kisha wakateremka ukingoni upande wa kushoto. Njia ya macho ilichora umbo la herufi F. Walimu wengi wa uandishi wameligeuza umbo hilo kuwa sheria ya maumbile. Si sheria. Hujitokeza zaidi pale matini inapokuwa ukuta mtupu, bila kichwa kidogo wala aya fupi za kuliongoza jicho.

Sentensi moja chini ya darubini

Tutazame mwanzo wa makala wa aina tunayokutana nayo kila siku:

“Katika dunia ya leo ambayo teknolojia inakua kwa kasi kubwa siku hadi siku, ni jambo lisilopingika kwamba suala zima la matumizi ya vyandarua vyenye dawa kwa ajili ya kujikinga dhidi ya ugonjwa hatari wa malaria limekuwa ni suala muhimu sana katika jamii zetu.”

Ni maneno 43. Kumi na matatu ya mwanzo hayahusiani na vyandarua. Kisha linakuja neno “suala”, na msomaji anaanza kusubiri: hilo suala limefanyaje? Jibu, “limekuwa”, linafika baada ya maneno 17. Muda wote huo “suala” linakaa kwenye kumbukumbu ya kazi, ambayo nafasi yake ni finyu. Mwanasaikolojia Nelson Cowan, katika mapitio yake ya mwaka 2001, alikadiria kwamba tunaweza kushika kama vitu vinne tu kwa wakati mmoja. Kiswahili kinatusaidia kidogo, maana kiambishi “li-” kinamrudisha msomaji kwenye “suala” na si kwenye “ugonjwa” wala “matumizi”. Hata hivyo, msaada huo haufuti mzigo.

Sasa tuiandike upya:

“Mbu anayeeneza malaria huuma zaidi usiku. Ndiyo maana chandarua chenye dawa kinafanya kazi: kinamzuia asikufikie, na akikigusa kinaweza kumuua.”

Maneno 19. Kila mtenda amekaa jirani na kitenzi chake. Na taarifa haikupungua, imeongezeka: toleo la kwanza halikusema mbu huuma saa ngapi wala chandarua kinafanya nini. Lilizunguka mbuyu tu.

Kichwa kije kwanza

Mwaka 1972 John Bransford na Marcia Johnson waliwasomea watu kifungu kuhusu kazi fulani yenye hatua: panga vitu katika mafungu, usizidishe vingi kwa mara moja, ukimaliza panga tena. Maneno yote yalikuwa mepesi, lakini wasikilizaji walitoka kapa. Wengine waliambiwa mapema kwamba kifungu kinahusu kufua nguo. Hao walikumbuka takriban mara mbili ya wenzao. Walioambiwa mada baada ya kusikiliza hawakupata faida yoyote.

Tokeo hilo linampa mwandishi somo zito. Kumfichia msomaji mada ili “ashtuke” mwishoni ni kumfanya apokee kila sentensi bila mahali pa kuiweka. Kichwa cha habari kiseme jambo lenyewe. Aya ya kwanza ikamilishe.

Je, kusema jambo mapema kunaua hamu? Hapana, ilimradi kuna swali linalobaki wazi. Mwaka 2014 Matthias Gruber na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichunguza bongo za watu waliokuwa wakisubiri majibu ya maswali ya chemshabongo. Pale udadisi ulipokuwa juu, walikumbuka jibu vizuri zaidi, na hata sura za watu zilizoonyeshwa katikati ya kusubiri. Mada ijulikane, swali liwake.

Kuna mtego lakini. Richard Mayer na Shannon Harp waliwapa wanafunzi maelezo ya jinsi radi inavyotokea. Kundi moja liliongezewa visa vya kusisimua vya watu na vitu vilivyopigwa na radi. Kundi hilo lilikumbuka hatua za radi kwa kiwango cha chini kuliko lililosoma maelezo makavu. Kisa kisichobeba hoja huishia kuiba nafasi yake.

Mkasi nao una mipaka

Hapa ndipo wapenzi wa ufupi hujikwaa. Mwaka 1996 Danielle McNamara na wenzake waliwapa wanafunzi matini ya baiolojia: toleo moja lilikuwa na viunganishi na maelezo yote, jingine liliondolewa vitu hivyo. Wasioijua mada walinufaika na toleo refu, lenye kuunganishwa. Wajuzi, kwa baadhi ya vipimo, walifanya vizuri zaidi na lile lenye mapengo, kwa kuwa walilazimika kuyajaza wenyewe.

Kwa hiyo ukikata “kwa sababu”, “hata hivyo” na “ndiyo maana” ili kuokoa nafasi, umemtoza gharama yule asiyejua, ambaye ndiye uliyemwandikia. Vinavyostahili mkasi ni “katika dunia ya leo”, “suala zima la”, sifa za kujisifu na visa visivyo na kazi.

Tahadhari hiyo ni kubwa zaidi kwenye skrini. Uchambuzi wa mwaka 2018 ulioongozwa na Pablo Delgado, uliojumlisha tafiti 54 na watu zaidi ya 170,000, ulionyesha kwamba matini ya maelezo hueleweka vizuri zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, na pengo hukua muda wa kusoma unapokuwa mfinyu. Kwa hadithi tupu, pengo hilo halikuonekana. Na mwaka 2011 Rakefet Ackerman na Morris Goldsmith waliona kwamba wanaojisomea kwenye skrini hujiamini kupita kiasi: huacha kusoma mapema wakidhani wameelewa.

Tukadirie. Makala ikisomwa na watu 1,000, na kila mmoja akapoteza dakika moja kwenye maneno yasiyo na kazi, zimepotea saa 16 na dakika 40 za maisha ya watu, pamoja na bando zao. Saa mbili za ziada ambazo mwandishi angezitumia kupunguza na kuunganisha zingeziokoa zote. Kwa hesabu hiyo, makala fupi ambayo mwandishi hakutoka jasho kuifupisha bado haijaisha kuandikwa.