Meno ya utoto yenye mwanya si kasoro, hatari ipo kwenye kuyang'oa

MTOTO wa miezi minane anapocheka na kuonyesha meno mawili ya kwanza yaliyoachana kiasi cha kupitisha punje ya mchele, nyumba nzima hupata la kusema. Bibi hukumbuka nani katika ukoo alikuwa na mwanya, jirani huuliza kama yalitangulia ya juu au ya chini, na mama hupiga picha kwa simu ya mkononi akamtumia dada yake aliyeko Dar es Salaam. Hali hiyo haina tofauti kubwa kati ya Masasi, mji uliozungukwa na majabali yake, na Newala iliyo juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ambako mtu husimama pale Shimo la Mungu akalitazama bonde la Mto Ruvuma hadi upande wa Msumbiji.

Wasiwasi wa wazazi huwa wa aina mbili. Wapo wanaoogopa kwamba meno yaliyoota kombo au kwa kuachana yatabaki hivyo hadi ukubwani. Wapo pia wanaoogopa kwamba mpangilio huo ni dalili ya ugonjwa, au ya jambo baya zaidi ya ugonjwa. Hofu ya kwanza kwa kawaida haidhuru mtu. Hofu ya pili imewahi kuua watoto.

Kwa mujibu wa elimu ya afya ya kinywa, meno ya utoto, ambayo wengine huyaita meno ya maziwa, ni 20. Vichipukizi vyake huanza kuumbika mimba ikiwa na wiki sita hivi, kwa hiyo mtoto huzaliwa meno yake yakiwa tayari yamejificha ndani ya taya. Ya kwanza kujitokeza huwa mawili ya chini mbele, aghalabu kati ya miezi sita na kumi. Hufuata ya juu mbele, kisha ya pembeni, halafu magego ya kwanza baada ya mwaka mmoja na kidogo. Meno ya chonge hutoka baada ya hapo, kati ya miezi 16 na 23, na magego ya mwisho hukamilisha kazi mtoto akiwa na umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu.

Mpangilio huo wa kuota ndio unaoeleza sehemu kubwa ya mianya inayowatia watu hofu. Meno mawili yaliyo peke yake katika taya nzima hayana jirani wa kuyabana. Hukaa popote, hulala upande, na pengine hujipinda kidogo kama mtu aliyepewa kitanda kikubwa peke yake. Miezi inavyosonga, ulimi huyasukuma kutoka ndani na midomo huyazuia kutoka nje, nayo hujipanga. Jino lililochomoza likiwa limegeuka kidogo mtoto akiwa na miezi saba huweza kuonekana limenyooka kabla hajatimiza miaka miwili, bila mtu yeyote kuligusa.

Hata meno yote 20 yakishatoka, mianya bado hutarajiwa. Katika taya la juu, watoto wengi huwa na nafasi kati ya jino la pembeni la mbele na chonge, na katika taya la chini nafasi hiyo huwa kati ya chonge na gego la kwanza. Sababu yake ni ya kihesabu tu. Jino la utoto la juu mbele lina upana wa takribani milimita 6.5, ilhali la kudumu litakalochukua mahali pake mtoto akiwa na miaka saba au minane hukaribia milimita 8.5. Meno manne ya juu ya mbele, yakijumlishwa pamoja, huhitaji nyongeza ya milimita saba hivi kuliko yale yaliyotangulia. Mtoto mwenye mianya tayari anayo sehemu ya nafasi hiyo. Kwa hakika ni yule ambaye meno yake ya utoto yamebanana vizuri kama lulu kwenye uzi, yule anayesifiwa na kila mgeni, ndiye mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na meno ya kudumu yaliyosongamana.

Mwanya mpana kati ya meno mawili ya juu ya mbele husababishwa wakati mwingine na kijinyama kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi, kikiwa kimeshuka hadi katikati ya meno. Wazazi wengi hutaka kikatwe mapema. Madaktari wa meno kwa kawaida husubiri chonge za kudumu za juu zitoke, yaani umri wa miaka 11 au 12, kwa kuwa chonge hizo zikishuka huyasukuma meno ya mbele kukaribiana na mara nyingi mwanya huziba wenyewe. Wapo bila shaka wasiotaka uzibe. Katika Uswahili mwanya ni pambo la uso, na si watu wachache waliochumbiwa kwa sababu yake.

Urembo wa meno una historia yake katika uwanda huo wa kusini. Vinyago vinavyovaliwa katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde mara nyingi huonyesha meno yaliyochongwa ncha, ukumbusho wa wakati ambapo meno ya mbele yalichongwa kwa makusudi ili mtu apendeze na atambulike kabila lake. Hayo yalifanyiwa meno ya kudumu, kwa watu waliokwisha kupata akili. Mtoto mchanga hakuwa na sehemu katika jambo hilo.

Mtoto mchanga aliguswa na imani nyingine. Kiswahili kina neno kigego, lenye maana ya mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini, na neno hilo halikuwa la utani. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki na Kati kigego alihesabiwa kuwa mkosi kwa ukoo. David Livingstone, ambaye mwaka 1866 alitokea Mikindani akapanda kufuata Mto Ruvuma chini ya uwanda huo huo wa Makonde, aliandika baadaye katika shajara zake za mwisho kwamba katika nchi ya Kazembe, ambayo sasa iko Zambia, mtoto wa aina hiyo aliuawa. Kitabibu, jino la juu kutangulia ni tofauti ndogo ya ratiba. Halina uhusiano na akili ya mtoto, afya yake wala bahati ya wazazi wake.

Mauaji ya vigego yamebaki katika simulizi. Lakini imani iliyo changa zaidi, ya meno ya plastiki au meno ya nailoni, ilisikika sana nchini katika miaka ya 1980 na haijatoweka. Kwa imani hiyo, mtoto wa miezi michache mwenye homa, kuhara au kutapika hufunguliwa kinywa, na ufizi ukionekana umevimba mahali pa chonge, huambiwa kwamba ameota meno ya plastiki ambayo yasipotolewa yatamwua. Mganga huupasua ufizi kwa kisu, sindano au spoki ya baiskeli iliyochongwa, akatoa kitu cheupe, laini, chenye kuteleza. Familia hukiona kwa macho yake na kuamini. Wengine husugua ufizi kwa dawa za majani hadi uchubuke.

Kitu hicho cheupe ni chipukizi cha jino la chonge la kawaida. Katika umri huo taji lake halijakamilika kukauka kwa madini, ndiyo maana ni laini na halifanani na jino lolote ambalo mzazi amewahi kuliona. Uvimbe nao ni wa kawaida, kwani chonge ni jino nene na hujionyesha chini ya ufizi miezi mingi kabla ya kutoka.

Jambo hili limeandikwa na wataalamu kwa muda mrefu. Pindborg aliliripoti kutoka Uganda mwaka 1969. Nchini Tanzania, Matee na van Palenstein Helderman walieleza mwaka 1991 kasoro zinazoambatana na kung'olewa kwa meno ya nailoni, na mwaka 1997 Kikwilu na Hiza walichapisha utafiti kuhusu sababu za kijamii zinazowafanya wazazi wawapeleke watoto kwa waganga. Aidha, madaktari wa Ulaya nao wamewakuta watoto wa wahamiaji kutoka Afrika Mashariki wakiwa na mapengo hayo hayo.

Kinachoipa imani hii nguvu ni kwamba homa na kuhara kweli huja katika umri huo. Kinga aliyoipata mtoto kutoka kwa mama yake inapungua, anaanza kupewa uji na maji, anatambaa na kutia kila kitu kinywani. Newala, ambako uwanda hauna mito na maji yamekuwa yakipandishwa kwa pampu kutoka mabondeni tangu enzi za ukoloni, kaya isiyo na maji ya bomba hulazimika kutumia ndoo moja kwa kazi nyingi, na mikono inayomlisha mtoto si lazima iwe imeoshwa. Malaria nayo ipo. Kuota jino huweza kuleta udenda, kukereka na joto la mwili lililopanda kidogo. Homa kali, kuhara mfululizo au kutapika vina chanzo kingine, na mtoto aliyepasuliwa ufizi huku akiwa na malaria huwa amepoteza muda pamoja na damu.

Matokeo ya kupasuliwa ni kutoka damu kusikokoma, pepopunda, sumu kuingia katika damu na maambukizi ya Virusi vya Ukimwi pale chombo kimoja kinapotumiwa kwa watoto wengi. Anayepona hubaki na pengo pembeni mwa meno ya mbele. Taji la chonge ya kudumu huanza kupata madini mtoto akiwa na miezi minne au mitano, jirani kabisa na kile kinachong'olewa, hivyo nayo huweza kuota ikiwa imeharibika umbo, ikaota mahali pasipo pake au isiote kabisa. Huo ndio mwanya ambao daktari hana budi kuuliza habari zake.

Yapo mambo mengine yanayostahili safari hadi Hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi, ile ya misheni ya Ndanda au Hospitali ya Wilaya ya Newala. Miongoni mwake ni mtoto wa miezi 18 asiye na jino hata moja, meno mawili yaliyoungana, jino alilozaliwa nalo likiwa linalegea au kumchubua ulimi wakati wa kunyonya, na madoa meupe au ya kahawia karibu na ufizi.

Madoa hayo yasidharauliwe kwa hoja kwamba meno ya utoto yatang'oka tu. Gego la utoto likioza na kung'olewa mapema, majirani wake husogea kulijaza pengo, na jino la kudumu hukosa mlango wa kutokea. Kupiga mswaki kuanze na jino la kwanza, kwa dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele hadi miaka mitatu, na chupa ya uji wa sukari au juisi isiwe mto wa kulalia. Kunyonya kidole si tatizo kwa mtoto mdogo. Kukiendelea baada ya miaka minne ndiko kunakosukuma meno ya juu mbele, na hapo kupaka mwarobaini kwenye kidole husaidia baadhi ya watoto na kuwaliza wengine bure.

Hofu ya mwisho huja mtoto akiwa na miaka sita, jino la kudumu la chini linapochomoza nyuma ya la utoto, akaonekana ana safu mbili. La mbele likiwa linalegea, huachwa lianguke lenyewe. Likigoma kwa miezi kadhaa hung'olewa hospitalini, na ulimi hulisogeza la kudumu mbele taratibu.