ALIYENUSURIKA NAYE APEWE POLE

Ukivunjika mguu watu watakuja kukupa pole. Hawatauliza maswali mengi, maana mguu wanauona. Shangazi ataleta unga. Jirani ataleta kuku. Lakini je, ukikoswa na simba ukarudi nyumbani mzima, nani atakuja?

Tuchukue mfano wa vijiji vya mikoa ya Lindi na Pwani. Huko wakulima wengi hulala shambani mazao yanapokaribia kuvunwa. Hulala katika dungu ili wafukuze nguruwe pori. Nguruwe hufuata mazao, na simba hufuata nguruwe. Hapo ndipo simba hukutana na mtu. Watafiti walihesabu watu walioshambuliwa na simba Tanzania tangu mwaka 1990 hadi 2004. Walikuta watu zaidi ya 560 waliuawa, na zaidi ya 300 walijeruhiwa. Mashambulizi mengi yalitokea wakati wa mavuno. Katika hesabu hiyo hawamo wale waliomsikia simba akizunguka chini ya dungu usiku kucha, kisha asubuhi wakashuka salama.

Sasa fikiri kwamba wewe ni mmoja wao. Kumepambazuka. Unashuka, unaona nyayo. Magoti yanatetemeka. Unakimbia mpaka nyumba ya kwanza, unasema, "Jamani, usiku huu nusura niliwe na simba!" Watu wanakutazama toka kichwani hadi miguuni. Wanatafuta damu. Hawaioni. Basi wanaanza kukuhoji.

Mmoja anauliza, "Ulimwona kwa macho yako?" Mwingine anasema, "Nawe kwa nini unalala katika dungu bovu kama lile?" Mara mzee mmoja anakukatiza, "Huyo wako alikuwa mtoto. Ungemwona yule tuliyepambana naye sisi!" Watu wote wanamgeukia yeye. Wewe uliyekuja kutafuta pole umekaa kimya, unasikiliza habari za simba wa mtu mwingine.

Anayekosa pole asubuhi huitafuta tena mchana. Wengine huongeza chumvi, na simba mmoja kufika jioni wamekuwa watatu. Usiharakishe kumwita mwongo. Ameongeza kwa sababu yule mmoja wa kweli hakuwatosha ninyi. Wengine hunyamaza, hasa wanaume. Wameshaambiwa, "Mwanamume mzima unaogopa paka?" Mtu kama huyo hurudi dunguni usiku wa pili, peke yake, ili asiitwe mwoga. Akiona nyayo nyingine hasemi tena. Na simba ambaye habari zake hazikusemwa anaweza kumkuta mtoto wako njiani anakwenda kuchota maji.

Yuko pia yule anayekunong'oneza, "Huyo si simba wa porini. Ametumwa. Mjue adui yako." Maneno hayo ni matamu kwa mtu mwenye hofu, maana yanampa wa kumlaumu. Lakini ni sumu. Mzee asiye na kosa anaweza kupigwa, hata kuuawa, kwa ajili yake. Simba alimfuata nguruwe, basi.

Mtani ni habari nyingine. Mtani atakuambia kwamba simba alikunusa akasema nyama hii hailiki. Wewe mwenyewe utacheka. Na mchana utamwona ameshika panga anakata nguzo za dungu jipya. Kicheko cha mtu wa namna hiyo hakiumizi.

Je, wewe usiye mtani wake ufanye nini? Mkaribishe akae. Mpe uji au chai. Sema pole, kisha nyamaza. Akitaka kusema, mwache aseme mpaka mwisho. Akirudia mara ya pili na ya tatu, sikiliza tena. Asipotaka kusema, usimlazimishe. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kazi hii mwaka 2011, nalo linasema hivyo hivyo: mtu aliyepatwa na jambo la kutisha asishurutishwe kusimulia. Swali la kwa nini alilala pale liache kwanza. Litafaa wiki ijayo, mtakapokaa kupanga zamu za kulinda mashamba.

Wazee walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa siku kadhaa mwenzako atashtuka mbwa akikwaruza mlango. Pole nyingi hutolewa siku ya kwanza, lakini hofu huja usiku wa tatu na wa nne, wageni wakishaondoka. Basi pita tena. Ukipita mwezi bado halali, au haendi shamba, mpeleke zahanati aonane na mganga.

Serikali ina kanuni kuhusu madhara ya wanyama wakali. Aliyeharibiwa mazao huweza kuomba kifuta jasho. Aliyejeruhiwa, au ndugu wa aliyeuawa, huweza kuomba kifuta machozi. Aliyeogopa tu hana fungu humo. Fungu lake liko kwenu majirani. Mkishamsikiliza, mmoja wenu afuatane naye siku hiyo hiyo hadi kwa Mtendaji wa Kijiji, akaeleze nyayo alizoziona na mahali alipoziona. Asiende peke yake. Ofisini nako ataulizwa, "Ulimwona kwa macho yako?"