Tezi ya Shingo na Nguvu za Kiume

Mashambani na viwandani mwetu yako maradhi ambayo wanaume huona haya kuyasema. Mtu anachoka kabla ya saa nne asubuhi, anaona baridi wakati wenzake wanatoka jasho, na nyumbani hamu ya mke imekwisha. Mnyapara humwita mvivu. Majirani humlaumu mke kwa kukosa mtoto. Mshahara nao unaishia kwa wauza mitishamba sokoni.

Mara nyingine, si kila mara, chanzo kiko shingoni. Chini ya kikoromeo ipo tezi yenye umbo la kipepeo, iitwayo thairoidi. Hutengeneza homoni zinazopanga mwendo wa kazi ya mwili mzima, na malighafi yake ni madini joto ya katika chakula na chumvi. Malighafi ikipungua, tezi huvimba: hilo ndilo rovu. Kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, madaktari walilichunguza tangu miaka ya 1960, wakaona kuwa upungufu wa madini joto na ulaji wa mihogo vilisaidiana kulileta. Lakini hata asiye na uvimbe aweza kuwa mgonjwa.

Tezi ikilegea, testosteroni, yaani homoni ya kiume, hupungua katika damu. Hamu hupotea na uume waweza kushindwa kusimama. Tezi ikizidisha kazi, mambo ni ya hila zaidi. Mtu hukonda ingawa anakula, mikono hutetemeka, moyo hupiga mbio. Ini nalo hutoa kwa wingi protini inayoikamata testosteroni. Kipimo kitaonyesha homoni tele, kumbe nyingi imefungwa, haifanyi kazi; ghala limejaa chai, lori hakuna. Matiti yaweza kuvimba, na mbegu za kiume hukosa mwendo mzuri.

Haya yanatibika. Kipimo cha kwanza ni cha damu, kiitwacho TSH. Tezi iliyolegea hutibiwa kwa vidonge vya levothairoksini kila siku, mara nyingi maisha yote. Iliyozidi hupozwa kwa dawa kama kabimazoli. Tezi ikitulia, wengi hurudiwa na nguvu baada ya miezi kadhaa. Jihadharini na sindano za testosteroni kabla ya kupimwa: huzuia mbegu kutengenezwa, na anayetafuta mtoto atakuwa amejifungia mlango.

Wanawake hupatwa zaidi na maradhi haya, ndiyo maana zahanati husahau kuyatafuta kwa mwanamume. Mwambie mganga waziwazi, "Naomba nipimwe tezi ya shingo." Nanyi wawakilishi wa chama kazini, kabla mtu hajaandikiwa onyo la uvivu, daini kwanza apelekwe hospitali.