Mtoto akikamatwa na pikipiki ya wizi, mama aanzie wapi?



Katika kikao cha juma lililopita hatukumaliza hesabu ya likelemba. Mama mmoja alisimama akasema mtoto wake, ambaye ni motari hapa Baraka, ameibiwa pikipiki usiku. Pikipiki yenyewe si yake. Kila jioni alikuwa anapelekea mwenyewe versement, na sasa deni limebaki bila chombo cha kulilipa. Akasema: "Hawa watoto wafungwe kama wakubwa, na caution ikataliwe kabisa." Wengi walipiga makofi.

Mama mwingine, kwenye mkeka wa nyuma, aliinamisha kichwa. Mtoto wake wa miaka 15 alikuwa amekamatwa siku tatu kabla, kwenye barabara ya kwenda Mboko, akiwa amepanda pikipiki ya wizi nyuma ya kijana mkubwa kuliko yeye. Tuliuliza kama ni pikipiki ileile. Hapana, ilikuwa nyingine. Lakini wote wawili ni wanachama wetu, na wote wawili walirudi nyumbani bila kusalimiana.

Sisi walimu mtoto huyo tunamjua. Aliacha kuja shuleni pesa za shule zilipokosekana. Hatusemi hivyo ili kumtetea: aliyeibiwa naye ana watoto wanaotakiwa kula. Tunasema ili ijulikane tunazungumza juu ya nani.

Mama yake alituambia kwamba mahali mtoto alipowekwa aliombwa pesa za "caution" ili mtoto atoke, bila karatasi yoyote yenye muhuri. Akauza mbuzi. Hapo ndipo tuliona ni lazima tuandike.

Caution katika sheria yetu ni jambo la mtu mzima. Anapongojea hukumu anaweza kuomba aachiliwe kwa muda, akiweka pesa ambazo hurudishwa kama amehudhuria kila alipoitwa. Mtoto hayuko katika mpango huo. Sheria N° 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inamtoa mikononi mwa tribinali za wakubwa na kumpeleka kwa hakimu wa watoto. Mahali ambapo tribinali ya watoto haijafunguliwa, tribunal de paix ndiyo inashughulika naye. Wakati kesi inangojewa, hakimu anaweza kumwacha kwa wazazi chini ya uangalizi wa assistant social, au kuamuru asitoke nyumbani. Kumtenga na familia ni kwa hali ya pekee tu, na hata hapo anapewa mtu wa kuaminika au nyumba iliyokubaliwa na serikali. Hatakiwi kulala kasho moja na watu wazima.

Tena Katiba, katika kipengele cha 18, inasema mtu aliyeshikwa na polisi hawezi kukaa hapo zaidi ya saa 48. Baada ya hapo ama aachiliwe, ama apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Mtoto huyu alikuwa amefikisha siku tatu.

Umri ndio mlango wa yote haya. Aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhukumiwa kwa kosa. Hakimu anamwachilia na kumkabidhi kwa assistant social au mtaalamu wa mambo ya akili. Kuanzia 14 hadi kabla ya 18, hakimu wa watoto anaweza kumwonya na kumrudisha nyumbani, kumpa mlezi mwingine, au kumweka katika nyumba ya malezi. Sasa, nani atathibitisha miaka? Mama yake alikuwa na kadi ya chanjo iliyoliwa na panya, na basi. Wengi wetu tulijifungulia njiani, tukikimbia vita, wengine Nyarugusu ng'ambo ya ziwa, na hati ya kuzaliwa hatukuitafuta tena. Uandikishaji ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa ni bure. Kama muda umepita, daftari la shule, kadi ya ubatizo na kadi ya chanjo zinasaidia kuonyesha umri, na kukiwa na mashaka sheria inataka mtu ahesabiwe kuwa mtoto. Sisi tulitoa karatasi ya shule siku ileile.

Sasa turudi kwa mama wa kwanza, maana hasira yake ni ya kweli. Anadhani sheria ni laini. Code pénal yetu inatoa hadi miaka 5 kwa wizi wa kawaida, miaka 5 hadi 20 ukifanywa kwa nguvu au vitisho, na hukumu ya kifo ukifanywa kwa silaha. Machi 2024, barua ya Waziri wa Sheria ilirudisha utekelezaji wa hukumu hiyo, uliokuwa umesimamishwa tangu 2003, pia kwa ujambazi wa mijini unaoua watu. Kweli hayo ni ya watu wazima. Ila vijana wakubwa wanaotangulia mbele ya watoto wetu ni watu wazima, na pikipiki zinaendelea kupotea.

Mwanachama mmoja ana dada Australia, katika jimbo la Queensland. Huko nako wizi wa magari unaofanywa na vijana umekuwa maneno ya kila siku. Machi 2023 bunge la jimbo lilipandisha kifungo cha juu cha kuchukua gari la mtu kutoka miaka 7 hadi 10, na kuvunja masharti ya dhamana kukawa kosa hata kwa mtoto. Desemba 2024 likaongeza kwamba kwa makosa kadhaa, hilo la magari likiwemo, mtoto apate adhabu ya mkubwa. Dada huyo anawafungia wanawe mlango saa moja jioni. Lakini huko mtoto anaingia tribinali miaka yake ikijulikana na wakili akiwa kando yake. Sisi tukichukua ukali huo bila hayo mengine, tutakuwa tumepandisha tu bei ya mbuzi.

Tunachotaka sisi ni aulizwe mtu anayenunua. Pikipiki inayofichwa leo, kesho inaonekana kama magurudumu na injini kwenye mikono ya watu wazima. Kununua kitu cha wizi kwa kujua ni kosa, na kumtumia mtoto katika kazi ya uhalifu ni kosa lingine. Motari aliyeibiwa atafaidika zaidi siku huyo anaponunulia atakapokamatwa kuliko siku mtoto wa miaka 15 atakapopigwa.

Wala mzazi wa mtoto asifikiri ameponyoka. Hasara aliyoileta mtoto ni juu ya wazazi kuilipa, hata kama mtoto hana miaka 14. Sheria ya 2009 inaruhusu pia upatanisho kwa makosa yasiyo mazito sana: pande zote mbili zinakaa, hasara inahesabiwa, inaandikwa italipwa namna gani, na mambo yote yanapita chini ya hakimu. Hiyo si ile ya kumalizana kichochoroni.

Mtoto alitoka Alhamisi, baada ya karatasi ya shule kufika kwa hakimu. Ameachwa kwa mama yake, na kesi bado. Pesa za mbuzi hazijarudi. Mama wa motari alifika kwetu jioni ileile kuuliza kama mtoto anajua jina la fundi aliyekuwa anapokea pikipiki. Anajua. Wamekubaliana kwenda pamoja Jumatatu, na mmoja wetu atawasindikiza.

Wenye hati za watoto zilizopotea, leteni majina kabla ya kikao kijacho.