Pikapu ya Kikundi Inapokunywa Mafuta Kupita Kiasi

Vikundi vingi vya kujisaidia vina pikapu kuukuu ya kupeleka maziwa, mboga au mahindi sokoni. Siku mafuta yanapoanza kwisha haraka, maneno huwa mawili: "Dereva anatuibia," au "Injini imekufa, tununue nyingine." La kwanza huvunja kikundi, la pili humaliza akiba. Kabla ya yote mawili, tupime.

Jinsi ya kupima

Jazeni tangi mpaka juu, wanakikundi wawili wakiwepo, na mwandike kilometa. Pikapu ifanye kazi yake ya kawaida siku chache. Kisha jazeni tena mpaka juu, kwenye pampu ile ile. Tuseme imekwenda kilometa 270 na imeingia lita 36. Gawanya 270 kwa 36: ni kilometa 7.5 kwa lita. Ikiwa zamani ilikuwa inakwenda 9, safari hiyo ingetumia lita 30. Basi lita 6 zimepotea. Zimekwenda wapi?

Rudieni kipimo, safari hii mwanakikundi mmoja akiandamana na gari kila siku, na usiku lilale mahali palipofungwa. Hesabu ikibaki vile vile, dereva msimsumbue. Ugonjwa uko kwenye gari. Ikirudi 9, kaeni chini mzungumze kwa utaratibu, mkiwa na daftari mkononi. Angalieni pia mzigo na barabara: pikapu iliyozidishiwa magunia, au inayopanda mlima kwenye matope, lazima itumie zaidi.

Anza na yasiyo na gharama

Kuvuja. Asubuhi, tazama chini ya tangi, kwenye mipira ya mafuta na kwenye pampu. Harufu ya petroli ni dalili tosha. Usitumie kiberiti wala taa ya moto kuangalia!

Matairi. Yakipungua upepo, injini hufanya kazi zaidi. Pima kabla gari halijatembea, ukifuata kipimo cha kitabu cha gari.

Breki zinazoshika. Baada ya safari, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Iliyo moto sana kuliko mwenzake inaonyesha breki haijaachia. Fundi atainua gurudumu hilo kwa jeki, mengine yakiwa yamezuiwa kwa mawe, alizungushe kwa mkono.

Kichujio cha hewa. Barabara zetu zina vumbi jingi. Kikiziba, injini ya kabureta hupata petroli nyingi na hewa kidogo. Kikung'ute; kikiwa cheusi au kimechanika, nunua kingine.

Soma moshi na plagi

Moshi mweusi kwa pikapu ya petroli maana yake ni petroli isiyoungua vizuri. Mara nyingi choki imekwama ikiwa imefungwa, au kabureta inamwaga mafuta. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa moto waweza kuwa maji yanaingia ndani. Huyo ni mgonjwa wa fundi.

Injini ikiwa imepoa, fungua plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi meusi makavu yanathibitisha habari ya petroli nyingi. Plagi iliyolowa oili ni dalili ya ringi au vali zilizochakaa.

Muulizeni fundi pia kama themostati ipo. Wengine huiondoa gari likichemka. Bila hiyo injini huchelewa kupata joto na hula mafuta zaidi. Na kama injini inanguruma mlimani lakini gari haliongezi mwendo, klachi inateleza.

Mafuta yenyewe

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huifanya injini igonge na kujaza masizi. Udanganyifu huu ulienea hata mwaka 2018 serikali ya Kenya ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Nunueni pahali pamoja panapoaminika, na mdai risiti.

Rekebisha kimoja, pima tena

Msimruhusu fundi abadilishe vitu vitano kwa siku moja, maana hamtajua kipi kilikuwa na kasoro, na mtalipia vyote. Tengeneza kimoja, jaza tangi, pima. Kazi ya kabureta, taimingi na vali iwe ya mwisho, mikononi mwa fundi anayejulikana.

Ndani ya pikapu muwe na daftari lenye safu sita: tarehe, kilometa, lita, shilingi, mzigo na sahihi. Mweka hazina alisome kila mkutano. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na daftari hili litaonyesha ufa ungali mdogo, tena litamlinda dereva mwaminifu na maneno ya watu.